Mkono wa Kulia Ndio Unaoitwa Tena: Kwa Wapiga Gitaa Wapya wa Arusha na Moshi

Vijana wanaonifuata baada ya shoo huwa na swali moja: "Kaka, ile solo umeipigaje?" Wanakodolea vidole vya mkono wa kushoto, wanarekodi kwa simu, wanaomba niirudie polepole. Habari za mkono wa kulia hakuna anayeziuliza, na huo ndio unaonilipia pango. Kwa hiyo haya nakuandikia wewe mdogo wangu unayeanza, uwe kijana au binti, unayetaka kuishi kwa gitaa la jazi na bluzi hapa Arusha au pale Moshi. Solo itakufanya watu wakutazame. Mapigo ndiyo yatakayofanya kiongozi wa bendi akupigie simu Jumatano kukuuliza kama Jumamosi uko huru. (Kama unapigia mkono wa kushoto, geuza maelezo. Kazi ni ileile.)

Kwanza lijue soko. Arusha ni mji wa hip hop. Tangu enzi za kundi la X Plastaz machalii wa hapa wamekuwa wakigombania maiki, gitaa wakaliacha kanisani. Tunaopiga jazi na bluzi tu wachache na tunajuana. Kazi hata hivyo zipo: hoteli za mjini, loji za barabara ya Karatu, bustani za Njiro na Kijenge zenye nyama choma, harusi za watu wasiotaka kelele, chakula cha jioni cha wajumbe wa mikutano, na Moshi kule wanakofikia wapanda mlima. Kazi hizi zimegawanyika mara mbili. Nyingine wanataka mtu mmoja na gitaa lake, nyingine wanataka bendi. Ukijifunza upande mmoja tu, nusu ya simu zitakazolia hutaweza kuzipokea, na mji huu haujawa mkubwa kiasi cha kukuruhusu kuchagua.

Tuanze na kupiga peke yako, maana ndiko wengi wanakoanzia na ndiko wengi wanakoharibu. Ukiwa peke yako, wewe ndiye besi, ndiye ngoma, ndiye rithimu, na solo inakuja mwisho kabisa kama nafasi imebaki. Anza na bluzi kwenye ufunguo wa A. Sababu yake si ya kitaalamu sana: uzi wa tano ukiwa wazi ni A, wa nne ni D, wa sita ni E. Kodi zote tatu za bluzi (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zina besi isiyohitaji kidole cha kushoto. Dole gumba la kulia linatembea lenyewe, pigo baada ya pigo, vipimo vinne vya A (kila kipimo mapigo manne), viwili vya D, viwili vya A, kimoja cha E, kimoja cha D, kisha viwili vya mwisho unarudi A na kugusa E ili mzunguko uanze upya. Vipimo 12, basi. Umo humo usiku kucha.

Shida inaanza pale vidole vingine vinapotaka kuingia na maneno yao. Dole gumba linasita kidogo, kama mtu aliyeitwa jina barabarani, na mgeni aliyekuwa akitikisa mguu chini ya meza anaacha kuutikisa. Yeye hajui kwa nini ameacha. Wewe ujue. Zoezi lake ni la kuchosha na halina njia ya mkato: piga besi peke yake huku unaongea na mtu, unajibu salamu, unamuuliza dada wa kaunta bei ya soda. Siku dole gumba litakapoendelea huku mdomo unaongea mambo mengine, ndipo uongeze noti moja juu yake. Moja, si tano.

Kama unaimba, mtazame B.B. King, yule mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alivyokuwa akifanya. Alipoimba, gitaa lilinyamaza. Alipomaliza mstari, gitaa likamjibu. Kwa mtu aliyelelewa kwenye kwaya jambo hili si geni hata kidogo, ni kiongozi na waitikiaji. Tofauti ni kwamba yeye nyuma yake alikuwa na bendi nzima ya kushikilia mapigo, wewe una dole gumba. Kwa hiyo unapoimba, vidole vingine vipumzike, gumba liendelee. Mstari ukiisha, jibu kwa noti chache, uache na hewa.

Wapo watakaokucheka kwa kupigia dole gumba badala ya piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Waambie habari za mpiga gitaa Wes Montgomery, ambaye alipigia dole gumba jazi ambayo hadi leo wenye piki wanaihangaikia. Halafu jambo lake jingine nalipenda zaidi: alikuwa akifanya kazi kiwandani mchana na kupiga klabu usiku, ana familia ya kulisha. Kwa hiyo usiache duka, bodaboda wala kazi ya kufundisha shule ya awali eti kwa sababu umepata hoteli moja ya Ijumaa.

Sauti ya spika kwenye chakula cha jioni ina kipimo chake, nacho hakiko kwenye kitufe. Tazama vichwa. Watu wa meza moja wakianza kuinamiana ili wasikilizane, umezidisha. Punguza kabla meneja hajatuma mhudumu aje kukunong'oneza. Wakianza kuongea chini ili wakusikie, usiongeze. Acha hivyohivyo, umewapata. Moshi kuna somo la ziada. Waliotoka mlimani leo wamelegea miguu na usingizi umewajaa machoni, saa tatu usiku wengi wameshapanda vyumbani. Ukiwawekea bluzi ya fujo saa mbili unawaonea. Wapigie polepole. Wanaopanda kesho ndio wenye mori, hao utawajua kwa kelele.

Halafu kuna ule wimbo wa kuwakaribisha wageni, unaujua, hauepukiki. Wenzangu wengine wanaununia. Mimi nasema upige, lakini uupige kwa swingi, ule mwendo wa kuyumba wa jazi, taratibu, na kodi za jazi chini yake. Mgeni anafurahi, mhudumu anacheka, na wewe umefanya mazoezi. Hivyohivyo kwa zilipendwa. Jumapili mchana kwenye bustani za nyama choma wenye pesa ni watu wazima, na hawakuja kusikiliza nyimbo za jazi za New York. Chukua wimbo wa enzi za bendi zetu kubwa, melodi iheshimu kama ilivyo, mabadiliko yafanye kwenye kodi. Ukitaka kujua solo inavyoweza kuimba bila haraka, sikiliza gitaa la Mbaraka Mwinshehe, wakati wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Alifariki mwaka 1979 akiwa hajafika hata miaka 40, na bado mzee wa hapa anaitambua noti yake ya kwanza kabla hujafika ya tatu.

Sasa bendi. Hapa karibu kila ulichojifunza ukiwa peke yako unakiacha mlangoni. Kuna mpiga besi: dole gumba lako halina kazi tena. Kuna mpiga kinanda: kodi za vidole vinne na vitano zinagongana na zake. Kijana aliyezoea kupiga peke yake anaingia kwenye bendi akijaza kila tundu, na bendi inakuwa nzito kama ugali uliozidi unga. Viongozi wa bendi hawasemi kitu. Hawamwiti tena.

Nitakuonyesha kitu kimoja kwa vidole, lichukue gitaa sasa hivi. Bluzi ileile ya A. Achana na nyuzi za besi kabisa. Uzi wa nne bonyeza freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni), uzi wa tatu freti ya 6. Hizo noti mbili ni moyo wa A7, yaani A ya bluzi: ya kwanza ni G, ya pili ni C#. Ukienda D7, telezesha vidole vyote viwili freti moja kurudi nyuma: 4 na 5. Ukienda E7, vipeleke freti moja mbele ya pale ulipoanzia: 6 na 7. Basi. Bluzi nzima ya vipimo 12, vidole viwili, nyuzi mbili, mwendo wa freti moja huku na huku. Mpiga besi anakupa mzizi wa kodi, wewe unampa rangi. Mkono wa kushoto umepunguziwa kazi makusudi, ili akili yote ihamie kulia: unagusa lini, unakata lini, unanyamaza kwa muda gani.

Freddie Green aliingia kama mpiga gitaa kwenye bendi ya jazi ya Count Basie mwaka 1937 na akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Nusu karne, na solo zake ni za kuhesabu kwa vidole. Kazi yake ilikuwa mapigo manne kwa kila kipimo, gitaa lisilo na umeme, katikati ya tarumbeta na saksafoni zote zile. Wanaomsikiliza kwa mara ya kwanza huwa hawamsikii. Ila bila yeye bendi ile isingetembea vile. Mwanamuziki mchanga wa hapa akiniambia anataka kuwa kama fulani mwenye vidole vya moto, namuuliza kama amewahi kumsikiliza Green. Mara nyingi hajawahi.

Kuhusu swingi yenyewe. Mapigo ya tatu-tatu ya bluzi ya polepole, yaani kila pigo limegawanywa mara tatu, hayakupaswa kutusumbua, ngoma zetu nyingi zimejaa mwendo huohuo. Kinachotuharibia ni mazoea ya muziki wa kompyuta, ambamo kila kitu kimenyooka kama rula. Dawa ninayoijua ni metronomu, kihesabu mapigo, ya bure kwenye simu. Ukitaka kupiga mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, iweke 60, kisha kila mlio uuhesabu kuwa ni pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Huko ndiko haihati, yale matoazi mawili ya mguu ya mpiga ngoma wa jazi, inakofunga. Mwanzoni utapotea, mlio utakugeukia na kuwa pigo la kwanza bila wewe kujua. Endelea. Ukishaweza kupiga bluzi ya vidole viwili mizunguko kumi bila mlio kugeuka, uko tayari kukaa na bendi, hata kama solo zako bado ni za kitoto.

Kuna jambo linalowashangaza vijana wengi: funguo. Gitaa linatulea kwenye E, A, D na G. Siku unapokutana na wapiga tarumbeta na saksafoni, na kwetu huku wengi wametokea bendi za makanisani, wao wanaishi kwenye B flati, E flati na F. Wanakuambia "bluzi ya B flati" na kuanza kuhesabu, wewe bado unatafuta kapo, kile kibanio cha nyuzi, mfukoni. Usitafute. Vile vidole viwili vya A vipeleke freti moja mbele, 6 na 7, hiyo tayari ni B flati (ndiyo ileile E7 ya juu, mzizi wa mpiga besi ndio unaoibadilisha jina). Ndio uzuri wa umbo lisilo na nyuzi wazi, linahamia popote.

Na kama uliimba kwaya kwa nota za do-re-mi, una mtaji ambao hujautumia. Nota zile hazijali uko ufunguo gani, zinajali noti iko nafasi ya ngapi. Jazi inafikiri hivyohivyo. Ule mwendo wa kodi tatu utakaokutana nao kwenye karibu kila wimbo wa jazi ni kodi ya re, kodi ya so, kodi ya do. Mzee wa kwaya wa kijijini Machame angeuelewa kwa dakika tano. Ukitaka kusoma zaidi ya hapo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kina shahada ya muziki. Na hata kama huna uwezo wa kusoma pale, jua kwamba kuna wanafunzi kule wanaotafuta watu wa kupiga nao.

Umeme nitausema kwa ukali kidogo. Kumbi nyingi tunazopigia hazina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ya kuaminika. Amplifaya yako ikiwa kwenye soketi moja na mtambo wa maiki kwenye nyingine ya upande wa pili wa ukumbi, mkono wako uko kwenye nyuzi na mdomo unagusa maiki: wewe ndiye waya. Mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa hivyo jukwaani kule Wales mwaka 1972, alishika maiki isiyokuwa na ethi. Beba waya wako wa ekstensheni ulio mzima, chomeka amplifaya na mitambo ya maiki mahali pamoja, na kabla ya kuweka mdomo kwenye maiki iguse kwanza kwa nyuzi za gitaa, bila kuishika. Ikitoa cheche au mngurumo mkali, usipige mpaka fundi atazame. Ivishe maiki sifongo. Na kifaa ulichotumiwa na ndugu aliyeko Marekani kisomee maandishi ya chini kabla hujakichomeka, kama kimeandikwa volti 120 tu, umeme wetu wa 230 utakiua mara moja.

Baridi nayo. Bustani za Arusha mwezi wa Julai usiku zinaumiza vidole, na gitaa nalo linaumia. Nyuzi za chuma zikipoa zinajikaza na sauti inapanda. Mkono ukizipasha joto, inashuka. Ukilitoa gitaa kwenye begi na kulitiuni papo hapo, wimbo wa pili limeshahama. Litoe mapema, liache lizoee hewa ya pale, ndipo ulitiuni, na ulitiuni tena baada ya wimbo wa kwanza. Njia ya loji ni vumbi tupu, kwa hiyo kitambaa kikavu kikae ndani ya begi. Nyuzi za akiba pia, hasa za kwanza na ya tatu. Nyuzi nzuri hapa mjini hazipatikani kila siku, wengi wetu tunaagiza Kariakoo au tunamtuma mtu anayekwenda Nairobi. Ukikatikiwa na uzi saa mbili usiku Karatu, hakuna wa kukuokoa.

Pesa. Makubaliano yote yaandikwe WhatsApp, hata kama meneja ni mjomba wako: kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, spika ni za nani, chakula kipo au hakipo, mvua ikinyesha kwenye bustani nani anabeba hasara, na unarudije nyumbani. Hili la mwisho vijana wanalisahau. Saa tano usiku vifodi (daladala) vimeisha, na bodaboda ukiwa na gitaa mgongoni na amplifaya mapajani si usafiri, ni bahati nasibu. Omba gari la hoteli linalorudisha wafanyakazi, mara nyingi lipo na halina gharama kwao. Omba kianzio. Kuna hoteli moja iliwahi kunizungusha malipo ya msimu mzima, kila nikienda mhasibu yuko semina. Ujumbe wa meneja ulikuwa kwenye simu yangu, na ndio uliofungua droo. Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), maana kwenye kazi za mashirika na za serikali utaulizwa. Nyimbo zako mwenyewe zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Bei usijishushe ili umpiku mwenzako. Mji ni mdogo, atajua kabla hujamaliza wimbo wa kwanza, na wiki ijayo yeye ndiye angekuita ukashike rithimu kwenye bendi yake.

Dada zangu wanaopiga, neno moja nje ya muziki: mwenye ukumbi akikuuliza "mpiga gitaa yuko wapi?" huku umelishika, mjibu kwa bei. Mko wachache, na kazi ipo ya kutosha, hasa ya kupiga peke yako.

Msimu uko hivi. Wageni wanajaa Juni hadi Oktoba, wanarudi Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei masika inakata kila kitu, loji nyingine zinafunga kabisa, na simu inakaa kimya hadi unafikiri imeharibika. Weka akiba ya masika tangu Agosti. Miezi hiyo ndiyo ya kutafuta mpiga saksafoni asiye na kazi kama wewe, mkakaa sebuleni kwa mtu mkaipiga bluzi ya B flati, kisha ya E flati, kisha ya F, na metronomu kwenye pigo la pili na la nne. Jirani akilalamika, fanyeni kama Wes, dole gumba halina kelele. Mwisho wa mwezi wa tano badilisha nyuzi zote, kagua waya wa ekstensheni, kisha wapitie mameneja mmoja mmoja uso kwa uso, kabla ratiba za msimu hazijafungwa.